Madoa ya maji kwenye dari ya jipsamu yanarudi kila yanapopakwa rangi

Mkazi wa Tanga

Ndugu zangu, naomba ushauri. Sebule yangu ina dari ya jipsamu chini ya paa la mabati, na mvua za masika ziliacha madoa ya kahawia ambayo kingo zake zimekolea kuliko katikati. Paa limeshughulikiwa: misumari iliyolegea imebadilishwa pamoja na mipira yake, na mvua zilizofuata hazikupenyeza maji. Fundi alipiga rangi nyeupe ya maji, dari ikapendeza kwa siku chache, kisha madoa yakajitokeza palepale. Sasa anapendekeza tuongeze koti nyingine za rangi ileile. Je, hilo litasaidia, au kuna kitu cha kutangulizwa?

Fundi wa Rangi, Dar es Salaam

Ndugu, usinunue rangi zaidi kwa sasa, kwa sababu unene wa rangi hauhusiki hapa. Maji yanapopita juu ya dari huchukua kutu ya mabati na misumari, vumbi, na utomvu wa mbao za kenchi, kisha hubeba vyote hivyo hadi kwenye ubao wa jipsamu. Yanapokauka husukuma uchafu huo pembeni, ndiyo maana kingo za doa zimekolea. Ukipaka rangi ya maji juu yake, maji yaliyomo ndani ya rangi huuyeyusha uchafu upya na kuuvuta hadi juu, na hali hiyo itajirudia hata ukiongeza koti nyingine.

Kinachotakiwa ni kulifunga doa kwa kitu ambacho hakichanganyiki na maji. Kinachopatikana kwa urahisi madukani ni praima au andakoti (rangi ya kutanguliza) nyeupe ya mafuta, ile inayopunguzwa kwa tapentaini. Ukiipata praima ya shelaki, ambayo huyeyushwa kwa spiriti, ni bora zaidi kwa madoa sugu, nayo hukauka haraka. Kwanza bonyeza jipsamu kwa kidole: ikiwa imelainika au imebonyea, kipande hicho kikatwe na kuwekwa kipya, kwa kuwa hakuna praima inayorudisha nguvu ya ubao uliooza. Kama ni kigumu, kwangua rangi iliyobabuka, piga msasa laini, futa vumbi, paka praima hadi ipite kingo za doa kwa upana wa kiganja, na uiache ikauke kama kopo linavyoelekeza. Doa likionekana kwa mbali, rudia praima. Rangi ya maji ije mwisho.

Mama Mjenzi, Morogoro

Nyumbani kwangu tulitumia rangi ya mafuta ya kawaida, ile inayong'aa ya milango, na doa halikurudi. Je, hiyo haitoshi badala ya kutafuta praima?

Fundi wa Rangi, Dar es Salaam

Mama, doa itazuia, ila uso wake ni laini mno na rangi ya maji haiushiki vizuri, hivyo baada ya muda unaweza kuona magamba yakibanduka. Aliyekwisha kuipaka aikwaruze kwa msasa hadi mng'ao uishe kabla ya kuendelea. Andakoti isiyong'aa haina usumbufu huo.

Msimamizi wa Ujenzi, Mombasa

Naongeza mambo ambayo naona yanapuuzwa na yanaumiza watu. Kama doa liko karibu na taa, zimeni umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Praima ya mafuta na ile ya shelaki hutoa mvuke unaowaka, kwa hiyo madirisha yawe wazi na jiko lizimwe. Katika nyumba za zamani zenye dari ya asbesto, msasa ni marufuku kabisa, kwani vumbi lake linadhuru mapafu.

Vilevile, ushauri huu ni wa jipsamu na mbao. Dari ya zege iliyo chini ya bafu au tangi mara nyingi hutoa chumvi nyeupe ya unga. Hiyo isuguliwe kwa brashi kavu, na zege likauke kabisa, maana rangi ya mafuta juu ya zege bichi huharibika na kubanduka. Mwenye swali naye azungushe penseli kwenye ukingo wa doa na kungoja mvua kubwa moja. Doa likivuka mstari, paa bado linavuja, au mabati yanatokwa na jasho usiku kwa kukosa matundu ya hewa.

Mkazi wa Tanga

Nashukuru sana. Penseli nitaitumia leo hii. Je, baada ya praima nipake rangi sehemu zenye madoa tu?

Fundi wa Rangi, Dar es Salaam

Praima ndiyo ya sehemu tu. Rangi ya mwisho ipakwe dari nzima, kutoka kona hadi kona, kwa sababu hata nyeupe ya kopo lilelile huonekana tofauti juu ya nyeupe iliyokwisha kuzeeka.