Jina likiingia kwenye orodha ya ugaidi ya UN, linatokaje?

Swali
Wakuu wa sheria, naomba ufafanuzi. Mtu akiorodheshwa na Baraza la Usalama, mali zake zikazuiwa, kisha akashinda kesi mahakamani, jina linafutwa? Na huku akisubiri, kodi ya nyumba na dawa atalipaje?

Jibu 1
Halifutwi, mkuu. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinazibana nchi wanachama kutekeleza maamuzi ya Baraza, na cha 103 kinayatanguliza majukumu hayo mbele ya mikataba mingine. Mahakama inaweza kuvunja amri iliyotolewa kwao tu, si uamuzi wa Baraza. Tazama kesi ya Yassin Kadi, Msaudia aliyeorodheshwa Oktoba 2001. Tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilibatilisha kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyomzuilia mali, maana hakuelezwa tuhuma wala kusikilizwa. Azimio lenyewe la Baraza haikuligusa. Kwenye orodha ya UN kule New York jina lilibaki hadi Oktoba 2012. Hata hivyo, bila shinikizo la hukumu ile sidhani kama Baraza lingekubali mageuzi.

Jibu 2
Mageuzi hayo ndiyo Ombudsmani, yaani afisa huru anayechunguza maombi ya kuondolewa kwenye orodha, aliyeanzishwa na azimio 1904 la 2009. Wengi hukosea hapa: yeye hushughulikia orodha ya Al-Qaida na Daesh (kundi la Dola ya Kiislamu) peke yake. Wa Al-Shabaab hupitia ofisi ya kupokea maombi iliyoundwa na azimio 1730 la 2006.

Ombudsmani hukusanya taarifa kwa miezi 4, kisha huzungumza na mwombaji kwa miezi 2. Kila hatua yaweza kuongezwa miezi 2. Akipendekeza jina litoke, linatoka siku 60 baada ya kamati ya vikwazo ya Baraza kumaliza kulijadili, isipokuwa wajumbe wote 15 wakubaliane libaki, au mmoja wao alipeleke kwenye Baraza. Usiandike tu "mimi si gaidi". Jibu kila sababu iliyotajwa kwenye muhtasari wa kuorodheshwa, na kama uhusiano ulikuwepo, onyesha ulivyokatika, kwa sababu anapima hali ya sasa. Kikwazo kikubwa ni taarifa za kijasusi: nchi inaweza kukataa kumwonyesha, na hana uwezo wa kuilazimisha.

Jibu 3
Kodi, chakula, dawa na ada ya wakili vimo kwenye azimio 1452 la 2002. Serikali huiarifu kamati. Siku 3 za kazi zikipita bila kukataliwa, fedha zinaweza kuachiliwa. Ambatisha mkataba wa pango, ankara za hospitali, namba ya akaunti na kiasi cha kila mwezi. Matumizi yasiyo ya kawaida lazima kamati iyaidhinishe kwanza. Ndugu wakiweka pesa kwenye akaunti hiyo, nazo zinazuiwa.