Tupeane uzoefu: simu zimefanya nini kwenye mahari na misiba ya kwenu?

Wakuu, habari zenu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikaingia kwetu Tanzania. Mkoloni alituachia simu za waya maofisini na kwa wachache wenye uwezo, vijijini wengi wetu simu ya kwanza kuishika ni hii ya mkononi. Imeingia kwenye mila kabla wazee hawajakaa kuipangia utaratibu. Mimi naona ugomvi wote uko hapo: lipi linatumwa, na lipi lazima uende mwenyewe?

Naanza na la kwetu. Kwenye posa ya binti wa kaka yangu, upande wa mwanamume walituma mahari yote usiku wa kuamkia kikao. Mzee akaisoma meseji, akaweka simu chini: "Pesa nimeiona, watu sijawaona." Kikao hakikuanza hadi wajomba wa kijana walipofika. Hakudai hata shilingi ya ziada. Alitaka kila mmoja ajitaje mbele ya mashangazi, maana hao wajomba ndio watakaoitwa siku ndoa ikiyumba. Nilimwelewa kabisa.

Mweka Hazina: Mie naitetea simu, jamani. Tulipofiwa na baba mdogo, ndugu wa mbali walituma rambirambi asubuhi ileile, jeneza na usafiri vikalipwa bila kukopa. Kilichoniuma ni ile orodha ya kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi, inarushwa upya kila mtu akichanga. Shangazi yetu mmoja mjane alitoa elfu mbili, akaanza kukwepa hata kupokea simu. Siku hizi tunaweka majina tu, viasi anabaki navyo mweka hazina. Na aliyekuja kuchota maji na kulala matangani anaandikwa pia, kwani naye si amechanga?

Mama Wawili: Naomba niseme kama mwanamke. Zamani mahari ilipokelewa na wanaume, sisi tunasikia tu. Ndoa ya dada yangu ilipovunjika, wakwe walidai warudishiwe zaidi ya walichotoa. Kaka alifungua meseji za miamala, moja baada ya nyingine, na tarehe zake. Wakanyamaza. Halafu mabinti mjue: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi ndoa ni batili kwa sababu mahari haijalipwa. Wengi wanatishwa na hilo bure.

Kijana wa Posa: Ukituma mahari weka na ya kutolea! Kwetu iligeuka kesi, wakasema imepungua.

Mjukuu: Sisi tumeshakubaliana. Michango ya harusi na rambirambi, tuma. Barua ya posa inapelekwa na mshenga kwa mkono wake. Aliye nje ya nchi anaonekana kwa video, ila anayemsemea ni baba yake mkubwa aliyekaa pale mkekani. Babu alilikubali hilo bila ubishi.