MREJESHO: Kile kilele cha ajabu kwenye paresetamoli

Wakuu habari za leo, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hamkuona, niliuliza kuhusu malighafi ya paresetamoli tunayoipima usafi kwa HPLC (mashine inayotenganisha vitu vilivyomo kwenye sampuli na kuchora kilele kwa kila kimoja), kila nikipiga sampuli kinatokea kilele kidogo kule mwishoni mwa mchoro nikahofia ni uchafu wa dawa yenyewe, na bosi alishataka tulikatae pipa zima.

Mmoja wenu akaniambia kapige kwanza blanki, yaani kiyeyushi kitupu bila dawa. Nikapiga. Kilele kilekile, dakika ileile! Kumbe shida ni maji yetu, yalikaa siku kadhaa kwenye chupa ya plastiki, na kwa vile kiyeyushi chetu ni maji na metanoli, na metanoli tunaipandisha kidogokidogo, ule uchafu wa maji unajikusanya kwenye kolamu (lile bomba la kutenganishia) halafu metanoli ikizidi unatoka wote kwa mpigo. Nimebadilisha maji, nikaosha kolamu, kimepotea kabisa.

Sasa ndo nikaweza kuangalia chenye maana, 4-aminofenoli, maana hiyo inaweza kubaki toka kiwandani au kutokea paresetamoli ikivunjika, ina sumu kwa figo na famakopia ya Ulaya (kitabu cha viwango vya ubora wa dawa) inataka isizidi sehemu 50 kwa milioni. Yetu iko chini ya hapo. Standadi yake (myeyusho wa 4-aminofenoli wa kulinganishia) lakini itengenezeni siku hiyohiyo na muifiche mwanga, yangu ya kwanza niliiacha mezani usiku kucha asubuhi naikuta kahawia.

Pipa limepita jana jioni. Asanteni sana ndugu zangu, hasa uliyesema blanki.