Nokia au Ericsson: ipi ni hisa ya bei nafuu kweli?

Akiba Taratibu
Wakuu, habari za jioni. Nina fedha ambazo sitazigusa kwa miaka mitano, na dalali wangu ananunua hisa za New York. Nataka kampuni ya mitambo ya mawasiliano. Tangu Uingereza iamue mwaka 2020 kwamba Huawei ya China iondolewe kwenye 5G yake ifikapo mwisho wa 2027, nchi nyingi za Magharibi zinabisha hodi kwa wawili: Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden.

Naegemea Nokia. Mwaka 2000 hisa ilipita yuro 60, kisha miaka mingi ikazunguka kati ya 3 na 5. Mwisho wa 2024, madeni yakitolewa, ilibaki na fedha taslimu kama yuro bilioni 4.9, yaani karibu senti 90 kwa kila hisa. Nionesheni ninapokosea.

Fundi Mnara
Mkuu, ya mwaka 2000 yaweke kando kabisa. Ile ilikuwa kampuni ya simu za mkononi, na biashara hiyo iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014.

Kazi yangu ni kufunga redio za mitandao ya simu minarani, kwa hiyo nazungumzia ninachokishika. Nokia waliingia 5G na chipu ghali za kupangwa upya, badala ya chipu zilizoundwa kwa kazi hiyo tu. Gharama zikala faida, na Oktoba 2019 gawio likasimamishwa hadi 2022. Chipu walizirekebisha, lakini wateja walikuwa wameanza kuondoka. Verizon, mtandao wa simu wa Marekani, iliwapa Samsung mkataba wa zaidi ya dola bilioni 6 mwaka 2020. Desemba 2023 AT&T ikaipa Ericsson kazi inayoweza kufika dola bilioni 14 kwa miaka mitano. Redio ikishapandishwa mnarani haishushwi kesho. Mteja akihama, amehama kwa miaka mingi.

Mama Mizania
Fundi, kwenye redio sikupingi. Ila Nokia ina mengine. Ilipoinunua kampuni ya Alcatel-Lucent ilipata maabara ya utafiti ya Bell Labs, ruta na mitambo ya faiba. Februari 2025 ikakamilisha ununuzi wa Infinera kwa dola bilioni 2.3, kampuni ya vifaa vya kupitisha data kwa mwanga, vile vinavyounganisha vituo vya data. Sehemu kubwa ililipwa taslimu, kwa hiyo Akiba, zile senti 90 zako zimeshapungua.

Halafu kuna hataza, yaani haki za uvumbuzi. Mrabaha kutoka kwa watengeneza simu, Apple wakiwemo, unaingiza zaidi ya yuro bilioni 1 kwa mwaka, bila kiwanda. Ericsson nao wana hataza, lakini waliinunua Vonage, kampuni ya mawasiliano kupitia intaneti, kwa dola bilioni 6.2 mwaka 2022, mwaka uliofuata wakafuta thamani yake ya krona za Sweden bilioni 32 vitabuni, na 2024 wakafuta nyingine bilioni 11. Zile ni fedha za wenye hisa! Na kabla ya hapo, mwaka 2019, walikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1 kumaliza kesi za rushwa Marekani. Mimi uongozi wa namna hiyo siukabidhi akiba ya watoto.

Akiba Taratibu
Na Nvidia, watengeneza chipu za akili bandia, je? Oktoba 2025 walitangaza kuweka dola bilioni 1 Nokia, kwa dola 6.01 kila hisa, washirikiane kuingiza akili bandia kwenye redio.

Fundi Mnara
Siku hiyo hisa ilipanda zaidi ya asilimia 20. Hesabu ya unafuu uliyoanza nayo ni ya bei ya zamani, irudie yote kwa bei ya leo. Hiyo akili bandia ndani ya redio, mimi bado sijapandisha hata moja.

Mpwani wa Kilindini
Ndugu zangu, msisahau makato. Gawio la Nokia kwa 2024 lilikuwa senti 14 za yuro, la Ericsson krona 2.85, na Finland na Sweden zote hukata kodi kabla hujaona kitu. Muulize dalali anakata kiasi gani. Pia huku kwetu Huawei hajaenda popote: Safaricom ilipozindua 5G Machi 2021 ilikuwa na Nokia na Huawei pamoja. Mkenya au Mtanzania asidhani soko la Afrika litapandisha bei ya hisa hizi.

Akiba Taratibu
Mama Mizania, nimetoa fedha za Infinera na kurudia hesabu kwa bei ya leo. Unafuu niliouona jana umebaki kiduchu. Ericsson naiacha. Nokia nanunua robo ya nilichopanga, na ripoti ijayo nitafungua kwanza ukurasa wa mitambo ya mwanga, kabla ya redio.