Imlil au Chefchaouen: siku nane za kutembea na kupumzika milimani Moroko

ShantaMoja: Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi Mei nitakuwa Moroko kwa siku nane nikiwa na begi la mgongoni tu, na ningependa kutua mahali pamoja milimani, nitembee asubuhi na kujinyoosha jioni. Nimebaki na majina mawili, Imlil na Chefchaouen. Mliofika huko, naomba mnilinganishie, hasa kuhusu utulivu.

MzaliwaMarangu: Ndugu, Chefchaouen ni mji, tena wa tangu mwaka 1471, ilhali Imlil ni kijiji hasa, katika milima ya Atlas, kwenye mwinuko wa mita 1,740 hivi, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Marrakech. Mimi nililala Aroumd, juu kidogo ya Imlil, ambako begi langu lilipandishwa kwa baghala, na sauti kubwa niliyoisikia mchana kutwa ilikuwa ya maji ya mifereji yakipita chini ya miti ya jozi na matofaa, nikaikumbuka mifongo, mifereji ya kwetu Uchagani. Juu yake umesimama Jebel Toubkal (hiyo jebel ndiyo jabali letu), wenye mita 4,167, mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini, ambao wengi huupanda kwa siku mbili. Tangu watalii wawili walipouawa huko mwishoni mwa 2018, huruhusiwi kuupanda bila kiongozi mwenye leseni, na polisi hukagua njiani.

BintiPangani: Kaka Mzaliwa, aliyeuliza anatafuta utulivu, si kilele. Chefchaouen, katika milima ya Rif, iko kwenye mita 600 tu hivi, kwa hiyo usiku hauna baridi kali. Asubuhi nilikaa Ras el-Maa, kwenye chemchemi, na jioni nikapanda hadi msikiti uliojengwa na Wahispania kutazama kuta za buluu zikififia. Ukitaka kuchoka, nenda Akchour kwenye maporomoko ya maji, utembee siku nzima. Kasoro ni wapiga picha wa adhuhuri, pamoja na vijana wanaokunong'oneza kuhusu bangi. Wajibu "la, shukran" na uendelee na njia yako.

ViatuVizito: Msijaribu kuunganisha sehemu zote mbili, kwani safari ya kati yake humeza karibu siku nzima. Toubkal huweza kuwa na theluji juu hata mwezi Mei. Mimi nilikwenda Machi na viatu vya turubai, kiongozi akanirudisha kutoka kwenye kibanda cha kulala, na alikuwa na haki. Tena, tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, lenye ukubwa wa 6.8, liliua watu karibu 3,000, wengi wao katika milima hiyo ya Atlas, kwa hiyo fedha unayolipa katika nyumba ya familia ina kazi kubwa pale.

ShantaMoja: Nimeshawishika na Aroumd, na kilele nitakiacha. Je, dada na kaka zangu, chakula cha jioni hulipwa pamoja na kitanda?

MzaliwaMarangu: Mara nyingi ndivyo, lakini ulizia kabla ya kushusha begi. Tajini, mchuzi unaopikwa katika chungu cha udongo, huiva polepole, hivyo agiza kabla hujatoka kutembea, la sivyo utashinda jikoni ukinywa chai ya mnanaa na njaa yako.