Bakteria kwenye zege jepesi: ndani ya maji ya kuchanganyia au ndani ya kokoto?

KokotoNyepesi
Wakuu, nataka kuongeza nguvu ya zege jepesi la kokoto za udongo uliochomwa ukavimba. Mpango ni kuotesha Sporosarcina pasteurii (bakteria wanaovunja yurea na kujenga chokaa), kisha mchuzi wote (bakteria, yurea, kloridi ya kalsiamu na dondoo la hamira) uchukue nafasi ya maji ya kuchanganyia. Zege litakuwa na nondo. Kuna kasoro?

MaabaraZege
Kasoro ya kwanza ni huo mchuzi. Dondoo la hamira huchelewesha saruji kushika, hivyo michemraba ya zege ya kupimia nguvu siku ya 7 itatoka dhaifu hata kama bakteria ni wazima. Zungusha mchuzi kwa kasi kwenye sentrifuji ili seli zitue chini, mwaga maji ya juu, suuza seli kwa maji yenye chumvi gramu 8.5 kwa lita, zungusha tena, ndipo uzitie kwenye maji ya kuchanganyia. Anza na seli 100,000 kwa mililita. Zikizidi sana, mara nyingi nguvu hushuka badala ya kupanda. Hesabu makoloni yanayoota kwenye sahani ya maabara. Kipimo cha ukungu wa mchuzi hujumlisha na seli zilizokufa.

Kloridi iache kabisa, italisha nondo kutu. Tumia nitrati ya kalsiamu, ila nayo huharakisha kushika, kwa hiyo jaribu kidogo kidogo. Na yurea ikivunjwa ndani ya zege lenye pH zaidi ya 12 (alikali kali), amonia hutoka kama gesi: fungua madirisha.

SporaHai
Mimi ningeweka spora (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) za Bacillus zinazovumilia alikali ndani ya kokoto, pamoja na laktati ya kalsiamu ambayo ni chakula chao, njia aliyoiendeleza mtafiti Henk Jonkers kule Delft, Uholanzi. Zikiwa huru kwenye saruji, vitundu hupungua hadi chini ya mikromita 1 kadiri saruji inavyokomaa, na spora husagika.

Kausha kokoto kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, zipoe, nyonya hewa kwa pampu, kisha ingiza laktati (gramu 50 kwa lita) yenye spora. Rudisha hewa polepole, chuja, kausha kwa nyuzi 40. Pima upya unyonyaji wa maji kabla ya kuchanganya. Watu wengi huruka hapa: kokoto kavu hunywa maji ya saruji, zege hukakamaa kabla ya kumwagwa.

Lakini elewa unachonunua. Ufa wa zege jepesi hupita katikati ya kokoto, hauzunguki. Ndiyo maana kokoto ni ghala zuri la kuziba nyufa, na ndiyo maana nguvu yake ndiyo dari lako. Chokaa kinachojengwa na bakteria hukaza saruji na mpaka wake na kokoto. Kokoto dhaifu hakiibadilishi.

KokotoNyepesi
Nimeelewa, asante. Na matofali mepesi ya kuivishwa kwa mvuke?

SporaHai
Mvuke wa nyuzi 180 kwa saa kadhaa huua hata spora. Loweka tofali kwenye maji yenye bakteria baada ya kuivishwa.

MaabaraZege
Tengeneza pia michemraba isiyo na chochote, yenye virutubisho bila bakteria, na yenye bakteria waliouawa. Zote zikae kwenye maji siku 28, na kila mmoja upimwe msongamano kabla ya kuvunjwa. Nguvu ikipanda pamoja na msongamano, huenda ni hewa tu iliyopotea wakati wa kuchanganya.