Mafundi wanachukua saruji kwa mkopo, siku 14 zinageuka 60

Nauza vifaa vya ujenzi. Nidai vipi bila kufukuza wateja?

Jibu 1: Mkuu, unamkopesha fundi wakati pesa anayo mwenye nyumba. Huyo ndiye asaini hati ya kupokea mzigo, yenye tarehe kamili ya kulipa. "Mwisho wa mwezi" haina maana.

Jibu 2: Piga hesabu kwanza. Mfuko ukinunua 15,000 na kuuza 16,000, mmoja usiolipwa umekula faida ya mifuko 15. Weka kikomo, deni la zamani likibaki, mzigo mpya ni taslimu tu.

Jibu 3: Kumbusha kwa ujumbe siku 2 kabla. Akikwama, gawa deni mafungu 3, asaini upya: hapo amekiri deni kwa maandishi. Na usimdai mbele ya watu, atahamia duka la jirani na deni lako.